Kabla Mama Hajarejea Nyumbani: Jinsi Kiti na Vitabu Vilivyoturudishia Miguu

Ijumaa moja ya Desemba, mama yangu aliniomba kiti cha kuswalia.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nguo za kazi bado mwilini. Nikamletea kiti cha meza ya chakula, nikakiweka mbele ya msala, nikapanda kulala. Usingizi haukuja. Huyu ndiye mama aliyeteremka uwanja wa ndege mwanzoni mwa Oktoba akiburuta begi lake mwenyewe na kukataa kusaidiwa. Kwao Muheza, mkoani Tanga, alikuwa akifagia uwanja alfajiri, akikuna nazi juu ya mbuzi, akiosha vyombo amechuchumaa karibu na bomba, na kusujudu mara tano kwa siku bila kushika kitu. Miezi miwili na nusu nyumbani kwangu Leicester, goti halikunjiki na sijda imemshinda.

Mimi ni muuguzi. Nilisoma stashahada nyumbani, nikaja kuongeza digrii huku Uingereza, na kila siku wodini nawahimiza wazee wa watu wainuke kitandani, waketi kitini, watembee mpaka mlangoni. Halafu jioni narudi nyumbani kwangu na kumwambia mama yangu: "Kaa mama, pumzika. Umefanya kazi ya kutosha maishani."

Ndugu zangu tunaoleta wazazi ughaibuni, neno hilo "kaa upumzike" tunalisema kwa mapenzi. Naandika makala haya kwa sababu nimeona linavyoweza kumdhuru mtu.

Nyumba isiyotaka mtu ainame

Jitazame ulipo sasa. Sofa laini. Choo cha kukaa. Mashine ya kufulia, ya kuoshea vyombo, na mopu yenye mpini mrefu. Jiko liko usawa wa kiuno. Kuna siku nzima hupita bila goti kukunjika zaidi ya urefu wa kiti, yaani kama sentimita 45 kutoka sakafuni. Ongeza baridi, na jua la Desemba linalozama kabla ya saa 10 jioni. Mzee wa watu atatoka aende wapi?

Mwili hautunzi usichokitumia. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Siku 10! Mama yangu hakulala kitandani, lakini sofa ni jirani wa kitanda.

Usiku ule aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameshika kipande cha kanga, anakikunja na kukikunjua. "Mwanangu," akasema, "tiketi yangu ni mwisho wa Machi. Choo cha nyumbani nitakiwezaje?"

Nilitaka kucheka, kisha nikaona machozi. Choo chetu nyumbani ni cha kuchuchumaa. Mwanamke aliyeishi miaka 67 bila kumsumbua mtu kwa haja zake alikuwa anawaza kama atahitaji kushikwa mkono na wajukuu. Alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake kwa wiki kadhaa.

Nikamwambia: "Mama, ni rahisi, tazama." Nikachuchumaa mbele yake ili nimwonyeshe. Nilipofika katikati, visigino vikainuka, nikayumba, nikaanguka kwa makalio juu ya zulia. Nina miaka 36. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile kanga. "Kumbe tuko wawili," akasema.

Boksi la wanyanyua vyuma

Kesho yake nilimwuliza mwenzangu kazini, mtaalamu wa fiziotherapia anayetokea Kerala, India. Kwao nako watu huchuchumaa. Akaniambia nianze na boksi.

Huku ughaibuni Watanzania tunaitwa wabeba boksi, kwa hiyo nilidhani ananitania. Kumbe alimaanisha zoezi la wanyanyua vyuma: skwoti ya boksi. Unaweka boksi imara nyuma yako, unashuka taratibu mpaka makalio yaguse, unatulia kidogo, kisha unainuka. Zoezi hili lilikuwa likifanywa na wanyanyua vyuma wa Culver City, California, miaka ya 1960, na baadaye likaenezwa duniani na Louie Simmons, kocha wa Columbus, Ohio, aliyefariki mwaka 2022. Wao hulifanya wakiwa na mamia ya kilo mabegani. Sisi tulilifanya na kiti cha chakula.

Linasaidiaje? Kwanza, linaondoa hofu. Anayeogopa kuanguka hashuki kwa uhuru, anajikaza na kusimamia njiani. Akijua kuna kitu nyuma yake, anashuka. Pili, linapima kina. Bila boksi kila mtu hudhani ameshuka sana, hasa akianza kuchoka. Boksi halidanganyi: umegusa au hukugusa. Tatu, ule mtulio wa sekunde moja chini unaua mdundo. Kwa kawaida tukishuka na kuinuka haraka, misuli hutumia mvutano wake kama mpira. Ukitulia, mdundo unapotea, na miguu inalazimika kuanza kusukuma tangu mwanzo. Ndivyo ilivyo unapoinuka chooni, kwenye mkeka au kwenye kigoda.

Na la nne ndilo lililonivutia zaidi: boksi unaweza kulipunguza urefu kidogo kidogo.

Pima kwanza

Kabla ya kuanza tulipima. Kipimo hiki hutumika sana kwa wazee, nawe unaweza kukifanya leo. Chukua kiti imara kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Mzee akae katikati ya kiti, mikono amekunja kifuani, nyayo zimekaa sakafuni. Hesabu mara anazosimama wima kabisa na kuketi tena ndani ya sekunde 30. Simama karibu naye. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, matokeo ni sifuri.

Mwongozo wa CDC ya Marekani unasema mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akisimama chini ya mara 12, yuko chini ya wastani na hatari ya kuanguka imeongezeka. Kwa miaka 65 hadi 69 ni chini ya 11, na 70 hadi 74 ni chini ya 10. Kwa wanaume wa makundi hayo ni chini ya 14, 12 na 12.

Mama alisimama mara 6. Mbili za mwisho aliketi kwa kujitupa.

Sikumficha namba. Nilimwambia pia habari ya utafiti uliochapishwa mwaka 1990, uliofanyika Boston kwa wakazi wa nyumba ya wazee waliokuwa na umri wa miaka 86 hadi 96. Walifanya mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki 8, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. "Wa miaka tisini?" mama akauliza. "Basi mimi bado msichana."

Jinsi tulivyofanya

Tulianza wiki ya pili ya Januari, siku tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Nilikuwa na vitabu vizito vya digrii ambavyo sikuvifungua tangu nihitimu. Nikavifunga kwa utepe mpana wa gundi ili visiteleze. Tukaweka viwili juu ya kiti, urefu ukafika sentimita 52 hivi. Kiti tulikiegemeza ukutani, mbali na zulia.

Hatua zenyewe ni hizi:

Simama kwa kukipa kiti mgongo, hatua fupi mbele yake. Miguu ipanuke kama mabega, vidole vielekee nje kidogo. Nyosha mikono mbele, itakusaidia kupata mizani.

Anza kwa kurudisha makalio nyuma, kama unayefunga mlango kwa makalio huku mikono imeshika sinia. Ndipo magoti yafuate, yakielekea upande wa vidole. Yasigongane.

Shuka kwa hesabu ya tatu. Kukaa kwa kujitupa hakuhesabiki, na ukiwa na uzito mabegani kunaweza kuuumiza uti wa mgongo.

Gusa, tulia sekunde moja. Tumbo na mgongo vibaki vimekaza, usijilegeze kama umefika sebuleni. Usijirushe mbele na nyuma kutafuta msukumo.

Inuka kwa kusukuma sakafu kwa nyayo nzima, kisigino kikiwa chini, huku ukitoa pumzi. Usizuie pumzi, hasa kama una presha.

Mara 5, pumzika dakika mbili, rudia mpaka zitimie seti 3. Dakika 10, umemaliza.

Wanangu walijitwika kazi ya kuhesabu. Ilibidi wahesabu kwa Kiswahili kwa sababu bibi yao hapokei hesabu nyingine. Mdogo, mwenye miaka 6, alikuwa mkali kuliko kocha: "Bibi, hiyo umejitupa! Haihesabiki!" Nimemlipia madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi mwaka mzima, lakini moja mpaka nane alizijua kwa miguu ya bibi yake.

Sheria yetu ilikuwa moja tu. Mama akiweza seti 3 za mara 8, akishuka taratibu na bila maumivu, siku inayofuata kitabu kimoja kinatoka. Kama hawezi, kitabu kinabaki. Hakuna aibu kukaa na kitabu kimoja wiki mbili.

Mwisho wa wiki ya pili tulikuwa kwenye kiti kitupu. Hapo tukahamia kwenye stuli ngumu ya bafuni ambayo watoto hupandia kunawa mikono, yenye sentimita 22, tukaijaza vitabu sita juu yake. Kila kitabu kilichotoka kilikuwa na unene wa sentimita tatu na nusu hivi.

Siku mbaya

Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki ya tano goti lake la kulia liliuma na mama akataka kuacha. Hapa ujue kutofautisha. Misuli ya paja kuchoka na kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, goti kuvimba au kukwama, hayo si ya kuvumilia. Goti lake halikuvimba. Tulirudisha vitabu viwili, tukafanya urefu usiouma kwa wiki moja, kisha tukashuka tena. Nilimpeleka pia kwa mtaalamu, akamkagua na kuturuhusu kuendelea.

Siku nyingine ilikuwa mbaya kwangu mimi. Nilirudi nimechoka, nikamkuta ameanza kuosha vyombo, nami bila kufikiri nikasema, "Mama, acha, kaa." Akageuka na sponji mkononi. "Unanitaka nini wewe, nikae au nisimame?" Nikanyamaza. Tangu siku ile mashine ya vyombo haikuwashwa mpaka alipoondoka. Kazi ndogo za nyumbani ni sehemu ya dawa, na tena zinampa mzee heshima ya kuwa mtu wa nyumba, wala si mgeni wa kudumu.

Chakula nacho tulikiangalia. Mama alikuwa anakula chai na mkate asubuhi, wali kidogo jioni. Misuli haijengwi kwa chai. Tukaongeza mayai, maharage, samaki, mtindi. Na kwa kuwa Uingereza kuanzia Oktoba mpaka Machi jua halitoshi, tulifuata ushauri wa afya wa hapa wa kumeza vitamini D mikrogramu 10 kila siku. Sisi wenye ngozi nyeusi, na wanaojisitiri mwili mzima, tunashauriwa kuifikiria mwaka mzima.

Boksi linapofika mwisho wa kazi yake

Nikwambie jambo ambalo watu wengi hulikosa. Kwenye skwoti ya boksi muundi hubaki karibu wima na makalio huenda nyuma. Hiyo ni nzuri kwa nyonga na misuli ya nyuma ya paja. Lakini kuchuchumaa kamili, kule kwa chooni au kwa kupepeta mchele, kunataka goti lipite mbele ya vidole huku kisigino kiko chini. Hapo kinachozuia mara nyingi ni kifundo cha mguu, wala si nguvu. Ndicho kilichoniangusha mimi.

Kwa hiyo kuanzia urefu wa sentimita 35 tuliongeza zoezi la pili. Unashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, unaweka taulo iliyokunjwa chini ya visigino, unashuka kadiri unavyoweza na kubaki huko sekunde 10, kisha unainuka ukijisaidia kwa mikono. Mara 5. Kadiri wiki zinavyopita, taulo inapungua unene. Boksi linakupa nguvu, mlango unakupa ulaini. Uhitaji vyote viwili.

Kwa wanafunzi na vijana wenzangu

Msidhani haya ni ya wazee peke yao. Mwanafunzi anayekaa darasani, maktaba na kwenye basi ana nyonga za mzee asizozijua. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, mbali na dakika 150 za kutembea kwa kasi au mfano wake.

Mimi nilianza bila uzito, nikaendelea na begi la mgongoni lililogeuzwa kifuani likiwa na mfuko wa mchele wa kilo 5. Uzito ukiwa mbele husaidia kukusawazisha. Baadaye nikaingia jimu na kutumia chuma kitupu cha kilo 20 mabegani. Kama unakwenda huko, chagua boksi lisiloyumba, weka vyuma vya usalama pembeni, na usiongeze uzito kabla hujaweza kushuka kimyakimya. Ukisikia boksi linapiga kelele, umejitupa. Kwenye mashindano, skwoti haikubaliwi mpaka nyonga ishuke chini ya usawa wa juu wa goti, kwa hiyo boksi lako nalo, polepole, lifike hapo. Kina kwanza, kilo baadaye.

Nani asianze bila kumwona daktari? Aliyeanguka karibuni, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, goti au mgongo, mwenye maumivu ya kifua, anayepata kizunguzungu akisimama, au mwenye presha isiyodhibitiwa. Na mzee yeyote asifanye akiwa peke yake nyumbani.

Vitabu viwili

Wiki ya mwisho ya Machi tulipima tena. Sekunde 30, mara 12. Mtoto alihesabu mara mbili kuhakikisha. Kile kiti cha kuswalia kilikuwa kimesharudi mezani tangu katikati ya Februari. Mama hakutangaza. Nilikuta tu msala umetandikwa peke yake.

Lakini chini kabisa hatukufika. Siku anaondoka, juu ya stuli vilikuwa vimebaki vitabu viwili, yaani sentimita 29. Nilimpigia kaka yangu Muheza, akafunga bomba la chuma ukutani mwa choo ili ashike anapoinuka. Nilimsindikiza mama uwanja wa ndege nikiwa na furaha nusu. Muuguzi ndani yangu alijua amepiga hatua kubwa. Binti yake alitaka amrudishe vile vile alivyompokea.

Mwezi wa Juni alinipigia simu ya video. Kwanza niliona uwanja, kisha kuku, kisha dari, kama ilivyo kawaida ya simu za mama zetu. Hatimaye mjukuu akaishika vizuri. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi, ungo mbele yake, kifuu mkononi. Akaweka kifuu chini, akanyosha mikono mbele kama tulivyozoea, akainuka. Mara ya kwanza aligusa goti kidogo kwa kiganja. Akaketi tena, akainuka ya pili, hakugusa.

"Umeona?" akasema huku anahema. "Vile vitabu viwili nimevitolea huku huku."

Nikamwuliza habari ya lile bomba la chooni. Akasema wanaanikia taulo.

Kama una mzazi anayekutembelea, au wewe mwenyewe husikia magoti yakilalamika ukiinuka sofani, tafuta kiti imara usiku huu na uhesabu sekunde 30. Andika namba yako ukutani. Kisha vitafute vitabu vyako vya chuo. Vyangu havikuwahi kunifaa kama mwaka huu.